Mashine ya Mbwa ya Mama Ignasi

Ukifika Mnero ukauliza nyumba ya Edina mke wa Kornel, utajibiwa, lakini baada ya watu kufikiri kidogo. Uliza kinyozi wa mbwa, na hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole: pale penye ua wa mabua, nyumba ya pili kutoka bomba la misheni. Jina hilo walimpa kwa kejeli. Yeye akaliitikia tangu siku ya kwanza, na kejeli ikakosa pa kukaa.

Kunyoa alikuzoea tangu mdogo. Kwao walizaliwa saba, yeye wa kwanza, na kila shule ilipokaribia kufunguliwa mama yake alimkabidhi wembe na kipande cha sabuni, akawapanga wadogo zake kwenye mkeka. Alipomaliza darasa la saba, mwaka tisini na saba, majirani walikuwa wakimletea vichwa vya watoto wao kila Jumamosi ili Jumapili waende misani wakiwa safi. Hakuwahi kumkata mtoto. Siri yake ilikuwa ndogo tu: alikuwa haanzi mpaka mtoto aache kukaza shingo. Angeweza kukaa naye hata nusu saa, akimsimulia habari za kuku.

Akaolewa na Kornel, fundi seremala wa misheni, wakampata Ignasi. Edina akapata kazi ya kufua nyumbani kwa masista. Huko ndiko alikokutana na Boski.

Boski alikuwa mbwa wa ulinzi, mkubwa kama ndama, aliyeachwa na daktari mmoja wa Ulaya alipomaliza mkataba wake. Manyoya yake yalikuwa ya nchi ya baridi. Ikifika Oktoba, jua la Nachingwea lilimlaza chini ya karo la kufulia, ulimi nje, akihema kama aliyetoka kukimbia. Edina alimwonea huruma. Akaazima mkasi wa kukatia vitambaa, akakaa naye, akamsimulia habari za kuku, akamkata manyoya yote. Kazi ilichukua siku mbili, na vidole vyake vikaota malengelenge.

Sista Letisia, mkuu wa nyumba ile, aliona vidole kabla hajamwona mbwa.

"Edina, hivyo vidole vimefanyaje?"

"Boski, Sista."

"Amekung'ata?"

"Hapana, nimemnyoa."

Sista akatoka nje, akamkuta Boski mwembamba kuliko alivyomfahamu, akirukaruka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki iliyofuata akamwita tena. "Nenda Nachingwea ukachague mashine. Iwe ya kuchaji, maana jenereta letu unalijua, linawaka jioni tu na mbwa hanyolewi gizani."

"Nichague mimi, Sista? Mimi mashine sizijui."

"Na hapa anayemjua mbwa ni nani? Mimi?"

Basi Edina akamfunga Ignasi mgongoni, akaenda. Lakini hakuanzia dukani. Alianzia kwa Uwesu, kinyozi aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Nachingwea, mtu aliyesifika kwamba mashine zake hazifi. Ndani mlikuwa na wateja wanne, mmoja akiwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Karibu shemeji," Uwesu akasema. "Tumnyoe kijana?"

"Hapana kaka. Nimekuja unifundishe mashine. Nataka kununua."

"Unafungua saluni?"

"Ya kunyolea mbwa."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Yule wa kitini akageuka na nusu kichwa chake. "Uwesu, hiyo mashine usiniguse nayo tena!"

"Tulia wewe, zamu ya mbwa bado." Uwesu akamgeukia Edina. "Na huyo mteja wako anataka panki au denge?"

Edina naye alicheka, ila hakuondoka. Alingoja. Akawangoja wateja wote wanne, mpaka Uwesu mwenyewe akaona haya, akamvutia kigoda.

"Sikia dada," akasema, safari hii bila mzaha. "Nitakufundisha, tena bure. Ila mimi ni Mwislamu, na wateja wangu wengi ni Waislamu. Mashine ikishamgusa mbwa, humu ndani isiingie. Wala brashi yake, wala kichupa chake cha mafuta. Ikikusumbua, iache nyumbani, uje na maneno. Utanieleza inalia vipi, inanuka vipi, ina joto kiasi gani. Mimi nitakwambia dawa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka."

Akawasha mashine yake, akamwekea sikioni. "Hii ni nzima. Inalia kama nyuki mmoja. Ukisikia nyuki wawili, skrubu imelegea. Ukisikia mbu, chaji inakwisha. Ukisikia mzee anakoroma, wengi hukimbilia kusema betri imekufa. Usilaumu betri. Fungua meno kwanza, utazame kilichoingia."

Akamwonyesha namna ya kugusisha meno kwenye ngozi ya ndani ya mkono, chini ya kiganja: yakimchoma yeye, yatamchoma na mbwa. Akamwambia matone matatu ya mafuta ya cherehani kabla ya kazi na matatu baada ya kazi, na asiichaji mashine ikiwa bado ina joto la kazi. Edina hakuwa na kalamu. Alirudia kila neno kwa mdomo, na Ignasi mgongoni akajibu kwa kubwabwaja, hadi Uwesu akasema, "Haya, wanafunzi wawili."

Duka la Shaban lilikuwa mtaa wa pili. Shaban alimtolea mashine mbili. Moja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ina taa tatu na kifuko cha zipu. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina urembo wowote, boksi lake limepigwa jua dirishani hadi picha imefifia.

"Chukua hii ya dhahabu, mama. Hiyo nyingine imekaa sana, watu hawaipendi."

Edina akazishika moja moja kwa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, huku ameinama kama anayemnyoa mbwa, na mtoto mgongoni. Mashine ukiishika ukiwa umesimama mbele ya kabati la duka inakuwa nyepesi. Ukiinama na mtoto mgongoni, ndipo unajua uzito wake. Ya dhahabu ilikuwa nyepesi kweli. Hapo akamwomba Shaban aziwashe.

"Zinawaka zote, usiwe na wasiwasi."

"Naomba nizijaribu."

"Uzijaribu kwenye nini?"

Edina akatoa mfuko wa rambo kutoka kwenye kikapu. Ndani mlikuwa na fundo la manyoya ya Boski, yale yaliyosokotana nyuma ya masikio, amelifunga kwenye kijiti kwa uzi. Shaban akarudi nyuma hadi rafu ikatikisika.

"Ni nini hicho, mama we?"

"Manyoya ya mbwa."

"Dukani kwangu!"

"Nimeyafua kwa sabuni, kaka. Nitakwenda kujaribia nje, barazani. Na nitakayoigusisha na haya manyoya, nikiikataa, nitaisafisha mbele ya macho yako."

Shaban akatazama barabarani kama kuna anayemwona, kisha akaridhia. Mashine ya dhahabu ilipita kwenye manyoya laini vizuri, ilipofika kwenye fundo ikaguna, ikasimama. Nyeusi ilipofika pale ilipunguza sauti kidogo, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, halafu ikatokea upande wa pili. Edina akauliza maswali mawili tu. La kwanza: meno yake yanafunguka kwa skrubu? Yalifunguka. La pili: chaji ikiisha katikati ya kazi, inaweza kufanya kazi huku waya uko ukutani? Iliweza. Ya dhahabu haikuweza.

"Naichukua hii nyeusi."

"Utajuta," Shaban akasema, akaifunga kwenye gazeti. Miaka mitatu baadaye alikuwa akiwaambia wateja, "Chukua aina hii, ndiyo anayotumia yule mama wa Mnero," bila kutaja mama yule anaitumia kwa nani.

Kwa njia hiyo Edina akaijua mashine yake kuliko wanaume wengi wanavyozijua baiskeli zao. Aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, ameizungushia nepi safi, mbali na vumbi. Aliichaji kwa masista jenereta likiwaka. Alijua kwamba chaji kamili inamaliza mbwa mmoja na nusu. Mbwa humwogesha kwanza na kumkausha juani, kisha humchana, ndipo hunyoa, kwa sababu manyoya machafu yanakula meno. Na jambo lolote likimshinda, alipanda gari hadi Nachingwea, akasimama mlangoni kwa Uwesu, akaigiza sauti kwa mdomo.

"Inafanya hivi: zzzz, zzzz, trr."

"Rudia hiyo trr."

"Trr."

"Jino moja limepinda. Badilisha."

Wateja walikuwa wakimngojea kama kichekesho cha wiki. Yeye alikuwa anapata masikio ya kuisikia mashine yake.

Simu ya Ruangwa ilikuja mwaka elfu mbili na saba, mwezi wa saba, wakati mikorosho inapulizwa salfa na kila nyumba ina ufuta mpya. Mwalimu Justa, aliyehamishiwa Ruangwa kutoka Kilimanjaro, alimpigia Sista Letisia. Mbwa wake Popi, aliyekuja naye tangu kwao kwenye baridi, alikuwa ana kidonda chini ya manyoya, mgongoni karibu na shingo. Kinanuka, nzi wamejaa, na akiguswa na mkasi anang'ata. Bwana mifugo alikuwa amekwisha kusema la kusema. Mwalimu alikuwa anaishi peke yake. Katika nyumba ile sauti ya pili ilikuwa ya Popi.

Edina alikuwa na mtoto wa pili wakati huo, Goreti, miezi mitano. Usiku ule Goreti hakulala. Alfajiri Edina alifunga safari huku anambembeleza, akachukua kopo la mashine na kichupa cha mafuta. Aliiwasha mara moja kuhakikisha, kama kawaida. Iliwaka. Kusikiliza hakusikiliza, maana Goreti alikuwa analia.

Alifika Ruangwa jua likiwa limepanda, akamkuta bwana mifugo, Filbert, ameegesha pikipiki uani kwa mwalimu. Alikuwa kijana mpole mwenye haraka.

"Ndiye wewe kinyozi? Haya. Mimi naenda Namungo, kuna ng'ombe. Nitarudi saa tisa. Nikirudi nataka kukiona kidonda chote, hadi kwenye ukingo wake, nikitoe funza nikitie dawa. Nisipokiona, siwezi kumwacha mnyama aliwe akiwa hai. Nitamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mwalimu, tumezungumza, si ndiyo?"

"Tumezungumza," mwalimu Justa akasema, akitazama pembeni.

Edina akamfungua Goreti mgongoni, akamlaza kwenye kanga. Akamwendea Popi. Manyoya yake yalikuwa yamesokotana kuwa kitu kimoja, na yalikuwa na rangi ya manjano.

"Analala wapi huyu, mwalimu?"

"Huko nyuma, chini ya mikorosho ya jirani. Wanapopuliza salfa anabaki hapo hapo. Nimemfukuza nimechoka."

Kumwogesha na kumkausha kusingewezekana kabla ya saa tisa. Edina akamfunga Popi mdomo kwa kipande cha kanga, taratibu, akamchana juu juu kwa brashi ya kufulia, vumbi la manjano likaruka. Akamsimulia habari za kuku mpaka shingo ikalegea. Ndipo akawasha mashine, akaanzia mbali na kidonda.

Njia ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita kwa shida. Ya tatu, mashine ikaanza kukoroma.

Akazima. Akatia matone matatu ya mafuta, akawasha. Ikakoroma zaidi. Akatia mengine. Akagusisha meno chini ya kiganja, akatoa mkono haraka: yalikuwa moto. Taa ndogo ya kijani ikageuka nyekundu, na hakuwa amemaliza hata nafasi ya kiganja kimoja.

"Betri imekufa," mwalimu Justa akasema. "Dada, usijisumbue. Umejitahidi."

"Ngoja kwanza, mwalimu."

Mzee anakoroma. Usilaumu betri. Edina akaketi, mashine mikononi, akafanya alivyofanya miaka yote: akajipanga kumweleza Uwesu. Inalia vipi? Inakoroma. Ina joto gani? La kuunguza. Inanuka vipi?

Akaileta puani. Ilikuwa inanuka vizuri. Ilikuwa inanuka kama jikoni kwa mama mkwe wake, siku ya kukaanga ufuta.

Akafungua kichupa cha mafuta, akanusa. Akatia tone kidoleni, akaonja.

"Kornel!" akasema peke yake. "Mume wangu jamani."

"Kuna nini?"

"Ameniongezea mafuta, mwalimu. Ameona kichupa kinakwisha, akakijaza ufuta."

Mafuta ya ufuta yanateleza leo, yakikaa na joto na vumbi yanashika kama ulimbo. Na humo yeye mwenyewe alikuwa amemimina tena na tena, juu ya unga wa salfa. Alipofungua skrubu, katikati ya meno mlikuwa na uji mzito wa manjano. Alishusha pumzi. Ubaya ulikuwa umeonekana kwa macho, na kitu kinachoonekana kwa macho kina dawa.

"Naomba mafuta ya taa kwenye kikombe kibovu. Na mswaki wa zamani. Hapa jirani hakuna fundi cherehani?"

"Yupo, nyumba ya tatu."

"Tone kidogo tu la mafuta ya cherehani. Kimbia, mwalimu."

Mwalimu Justa, mwanamke wa miaka arobaini anayeamkiwa shikamoo na mji mzima, akakimbia. Edina akayalowesha meno kwenye mafuta ya taa, akayasugua kwa mswaki mpaka yakang'aa, akayapangusa, akayaweka juani juu ya jiwe. Wakati huo akamnyonyesha Goreti. Alipoyarudisha na kutia matone matatu, akaiweka mashine sikioni.

Nyuki mmoja.

Lakini taa ilikuwa bado nyekundu, na umeme pale ni wa jenereta la gesti, jioni. Mashine ilikuwa imepoteza nguvu yake ikipigana na ufuta. Edina akakadiria: dakika kumi, zikizidi sana kumi na mbili. Mbwa mzima haiwezekani. Akauliza tena moyoni, bwana mifugo amesema anataka nini? Amesema kidonda hadi ukingo wake. Hakusema mbwa mzima.

Akachukua mkasi. Manyoya ya juu, yaliyo mbali na ngozi, yalikatwa na mkasi bila kumvuta mnyama. Alikata tabaka baada ya tabaka, akisimama kila Popi alipokaza shingo, akiendelea ilipolegea. Mwalimu alimshika kichwa na kumwimbia kitu cha kwao Uchagani. Yaliyobaki yakawa ni yale yaliyoshikamana na ngozi kama mkeka uliolowa, ambayo mkasi hauyawezi bila kukata nyama. Hapo ndipo akawasha mashine.

Hakuwa na haraka, ingawa alihesabu. Aliingiza meno kwa ubavu chini ya mkeka ule, akaunyanyua kidogo kidogo. Harufu ikatoka. Nzi wakashuka. Mwalimu Justa akafumba macho lakini mikono hakuiondoa. Kidonda kikaonekana upande mmoja, kisha chini, kisha upande wa pili, chekundu, funza wakitambaa. Kilikuwa kikubwa kama kisahani. Ulibaki ukingo wa juu, karibu na shingo, wakati nyuki alipoanza kuwa mbu.

"Inakwisha?" mwalimu akauliza, bado amefumba macho.

"Inakwisha. Usimwachie."

Njia moja. Nyingine. Mbu akawa mwembamba sana. Edina akainua mkono, mkeka wa manyoya ukadondoka mzima pembeni, na mashine ikanyamaza vidole viwili kabla ya sikio la Popi.

Pikipiki ya Filbert ilisikika saa tisa na robo. Alishuka akiwa ameshika mkoba wake, akasimama. Popi alikuwa amejilaza kwenye mapaja ya mwalimu, mgongo mtupu penye kidonda, kwingine kote bado amejaa manyoya ya manjano.

"Ndiyo nini sasa? Mmemnyoa panki?"

"Kidonda unakiona?" Edina akauliza.

Filbert akachutama. Akatazama kwa muda mrefu, akabonyeza ukingo kwa kidole. "Nakiona chote," akasema. Akafungua mkoba, akatoa koleo ndogo na chupa ya dawa ya zambarau. Kichupa cha ile sindano ya kumlaza alikisukuma kwenye kona ya mkoba, na mwalimu Justa, aliyekuwa hajalia siku nzima, akaanza kulia hapo.

Edina alirudi Mnero siku ya pili. Kornel alikuwa uani anapiga randa, Ignasi akicheza na maranda miguuni pake.

"Vipi, mbwa amepona?"

"Atapona. Nimeitwa tena wiki ijayo, nimmalizie. Baba Ignasi, kwenye kichupa changu ulitia nini?"

Uso wa Kornel ukang'aa. "Uliona, eh? Kilikuwa kinakwisha. Nikakutilia ule wa mama, uliokamuliwa juzi. Safi kabisa, hata wa dukani hauufikii."

Edina alimtazama, vumbi la mbao kwenye nyusi, anangoja kusifiwa. Maneno yote ya kumgombeza aliyoyatunga ndani ya basi yakamtoka kichwani. Akaketi chini kwenye maranda, akacheka, akacheka tena, kisha akamweleza yote tangu mwanzo, na akamnusisha. Kornel akanusa, akakuna kichwa.

"Sasa mimi nilijuaje? Mafuta si mafuta?"

"Randa yako ningeipaka uji ungesemaje?"

"Ningekurudisha kwenu."

"Ehee."

Akaingia ndani, akatoka na kichupa kipya alichopitia kukinunua Nachingwea, akampa Kornel mashine mkononi. "Kuanzia leo kazi ya mafuta ni yako. Tia nione."

Kornel akainama kwa uangalifu wa fundi. Tone la kwanza. La pili. La tatu. Akasita, kichupa bado kimeinama.

"Moja tu la kuongezea?"

"Matatu, baba Ignasi."

Akakifunga. Edina akaiwasha mashine, akamwekea mumewe sikioni, akangoja aseme anasikia nini.